Auguste Kerckhoffs

Auguste Kerckhoffs (Nuth, Limburg, 19 Januari 1835 – Uswisi, 9 Agosti 1903) alikuwa mwalimu wa lugha na mwanaisimu mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi sehemu kubwa ya maisha yake nchini Ufaransa. Anajulikana hasa kwa makala yake ya mwaka 1883 kuhusu maandishi ya siri ya kijeshi, ambamo aliweka kanuni sita za mfumo mzuri wa siri. Kanuni ya pili kati ya hizo inasema kwamba usalama wa mfumo usitegemee kuficha jinsi mfumo unavyofanya kazi, bali utegemee ufunguo peke yake. Hiyo ndiyo inayoitwa hadi leo kanuni ya Kerckhoffs.

Alipokuwa hai watu wengi walimfahamu zaidi kama kiongozi wa harakati za Volapük, lugha ya kubuniwa iliyovuma Ulaya kwa miaka michache kisha ikafifia. Siku hizi jina lake hutajwa na watu ambao pengine hawajawahi kusikia habari za Volapük: wahandisi wanaolinda mawasiliano ya intaneti, na wale wanaotia saini ya kidijitali kwenye fimwea, yaani programu ya msingi iliyomo ndani ya simu, ruta, gari au mashine ya kadi, ambayo kifaa huisoma kwanza kinapowashwa.

Maisha ya awali

Jina lake kamili lilikuwa refu: Jean-Guillaume-Hubert-Victor-François-Alexandre-Auguste Kerckhoffs von Nieuwenhof. Mwenyewe alitumia Auguste tu pamoja na jina la ukoo. Alizaliwa katika kijiji cha Nuth, katika familia ya wenye ardhi waliokuwa na uwezo. Wakati huo jimbo la Limburg lilikuwa likigombewa. Wabelgiji walikuwa wameasi utawala wa Uholanzi mwaka 1830 na kushika sehemu kubwa ya jimbo hilo, na ni mkataba wa London wa mwaka 1839 uliogawa Limburg na kuiacha Nuth upande wa Uholanzi. Ni eneo ambalo Kiholanzi, Kijerumani na Kifaransa hukutana, na huenda hilo lilichangia mapenzi yake ya lugha.

Alikaa Uingereza kwa muda ili kukijua vizuri Kiingereza, kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji, alikopata shahada ya fasihi na ya sayansi. Mchanganyiko huo wa fasihi na sayansi unafaa kukumbukwa, maana kazi yake ya baadaye ilihitaji vyote viwili: sikio la kujua herufi zipi hurudiarudia katika lugha fulani, na akili ya kuhesabu.

Baada ya kufundisha miaka michache Uholanzi, mwaka 1863 alipata kazi Melun, mji ulioko kusini-mashariki mwa Paris. Huko alifundisha lugha za kisasa katika shule ya sekondari, akaoa, na akakaa kwa takriban miaka kumi. Kati ya mwaka 1873 na 1876 alirudi darasani kama mwanafunzi katika vyuo vikuu vya Bonn na Tübingen, Ujerumani, akapata shahada ya udaktari. Alikuwa na umri wa karibu miaka arobaini, tena Mfaransa kwa makazi, na alikwenda kusoma katika nchi ambayo miaka michache tu kabla ilikuwa imeishinda Ufaransa vitani. Mwaka 1881 alikuwa profesa wa Kijerumani katika shule kuu ya biashara ya Paris, HEC, iliyokuwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Aliandika pia vitabu vya sarufi na vya kufundishia lugha.

Maandishi ya siri kabla ya mwaka 1883

Kwa karne nyingi maandishi ya siri yalikuwa shughuli ya watu wachache. Mfalme alikubaliana na balozi wake juu ya njia ya kufumba barua, na siri ikabaki kati ya hao wawili na makarani wao. Telegrafu ilibadilisha mambo. Jeshi la karne ya 19 lilikuwa na makamanda wengi waliotawanyika, kila mmoja akipeleka na kupokea ujumbe kwa waya kila siku, na adui aliweza kuunganisha waya wake na kusikiliza bila kumkamata mjumbe hata mmoja. Vita vya mwaka 1870–1871 kati ya Ufaransa na Prussia viliwaachia Wafaransa uchungu mkubwa na maswali mengi kuhusu kila idara ya jeshi lao, mawasiliano yakiwemo.

Mafumbo yenyewe yalikuwa dhaifu kuliko wengi walivyodhani. Njia iliyosifiwa zaidi, inayohusishwa na Mfaransa Blaise de Vigenère wa karne ya 16, hutumia neno la siri linalorudiwarudiwa juu ya ujumbe, na kila herufi ya neno hilo huamua herufi ya ujumbe isogezwe hatua ngapi katika alfabeti. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba haivunjiki. Mwaka 1863 afisa mstaafu wa Prussia, Friedrich Kasiski, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba marudio ya neno la siri huacha alama katika maandishi, na kwa alama hizo urefu wa neno hujulikana. Kitabu hicho hakikupata wasomaji wengi. Majeshi yakaendelea kutumia njia zilezile, au yakategemea vitabu vya maneno ya mafumbo vilivyofungiwa kabatini kwa matumaini kwamba havitaibiwa.

Makala ya mwaka 1883

Mwezi wa Januari na Februari 1883 jarida la sayansi za kijeshi la Paris, Journal des sciences militaires, lilichapisha makala ya Kerckhoffs katika sehemu mbili yenye jina La Cryptographie militaire. Baadaye mwaka huohuo ilitolewa kama kijitabu. Haikuwa ndefu, na mwandishi wake hakuwa mwanajeshi. Hata hivyo katika historia ya kriptografia ni maandiko machache yaliyodumu kama hayo.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutenganisha mambo mawili yaliyokuwa yakichanganywa. Fumbo la watu wawili wanaoandikiana barua mara mojamoja ni kitu kimoja. Mfumo wa jeshi zima, utakaotumika kwa miaka bila kikomo kati ya makamanda wengi, ni kitu kingine kabisa. Watu wawili wanaweza kuficha njia yao. Jeshi haliwezi, kwa sababu afisa mmoja atatekwa, mwingine ataasi, wa tatu atauza alichonacho, na kitabu kitaachwa katika hema wakati wa kukimbia. Kama usalama wote umo katika njia, basi siku hiyo jeshi zima limevuliwa nguo, na vituo vyote vinapaswa kupewa njia mpya. Kama usalama umo katika ufunguo, yaani neno au tarakimu zilizokubaliwa, kinachotakiwa ni kubadilisha ufunguo na kuendelea na kazi.

Kanuni zake sita zinaeleweka vizuri zikisomwa kwa jicho hilo. Ya kwanza inataka mfumo usiweze kuvunjwa kwa vitendo, hata kama hesabu haijathibitisha kwamba hauvunjiki kabisa. Ya pili inataka mfumo usihitaji kufichwa, na uweze kuangukia mikononi mwa adui bila madhara. Ya tatu inahusu ufunguo: uweze kupelekwa na kukumbukwa bila kuandikwa popote, na wahusika waweze kuubadilisha wapendapo. Ya nne inataka mfumo ufae kwa telegrafu. Ya tano inataka vyombo vyake viweze kubebwa, na matumizi yake yasihitaji watu wengi. Ya sita inataka mfumo uwe mwepesi, usimchoshe mtumiaji akili wala kumdai akariri orodha ndefu ya masharti.

Mwanafunzi anaweza kuielewa kanuni ya pili kwa kuangalia kufuli la dukani. Kiwanda hutengeneza makufuli maelfu ya aina moja, na fundi yeyote anaweza kununua moja, kulifungua na kuona chemchemi na vipini vya ndani. Hilo halimpi njia ya kuingia katika nyumba ya mtu. Kinachomzuia ni kwamba hana ufunguo wa mlango ule. Kufuli ambalo lingekuwa salama mradi tu hakuna mtu anayejua lilivyoundwa lisingefaa kuuzwa hata siku moja.

Kanuni hiyo mara nyingi hueleweka vibaya. Kerckhoffs hakusema kwamba ni lazima mfumo utangazwe, wala kwamba ni kosa kuuficha. Alisema usihitaji kufichwa. Tofauti ni kubwa: anayeficha mfumo ulio imara ameongeza kizuizi kidogo, lakini anayeficha mfumo kwa sababu ni dhaifu anasubiri tu siku ya kugunduliwa.

Kanuni ya sita husahaulika, ingawa inastahili nafasi karibu na ya pili. Askari aliyechoka, usiku, mvua ikinyesha, hatafuata masharti ishirini. Ataruka moja, au atapeleka ujumbe bila kuufumba. Mwalimu aliyewahi kusahihisha madaftari ya darasa kubwa anajua kwamba kanuni ndefu ndizo hukosewa kwanza.

Makala ilikuwa na mchango mwingine, wa kuvunja mafumbo badala ya kuyaunda. Kerckhoffs alionyesha kwamba ikiwa ujumbe mwingi umefumbwa kwa ufunguo mmoja, hata ufunguo ukiwa mrefu sana, mvunjaji anaweza kuandika barua hizo moja chini ya nyingine, herufi ya kwanza chini ya herufi ya kwanza, ya pili chini ya ya pili. Kila safu ya kwenda chini basi imefumbwa kwa herufi moja ya ufunguo, na inaweza kufumbuliwa peke yake kwa kuhesabu herufi zinazotokea mara nyingi. Barua moja inaweza kuwa salama, lakini barua ishirini za ufunguo uleule zinafichuana. Yeye pia ndiye aliyeupa jina la Saint-Cyr ule ubao mwembamba wenye alfabeti inayoteleza, akiufuatisha na chuo cha kijeshi cha Ufaransa ulikofundishwa. Aidha alishikilia kwamba nguvu ya fumbo haiwezi kupimwa na aliyelibuni. Anayefaa kulipima ni yule anayejua kuvunja.

Volapük

Miaka miwili hivi baada ya makala hiyo, Kerckhoffs aliingia katika jambo lililompa umaarufu mkubwa zaidi kwa wakati wake. Padri Mkatoliki wa Ujerumani, Johann Martin Schleyer, alikuwa amebuni lugha ya kimataifa aliyoiita Volapük, jina lenye maana ya lugha ya dunia, na kuitangaza kati ya mwaka 1879 na 1880. Kerckhoffs aliieneza Ufaransa kwa kufundisha na kuandika vitabu vya masomo, na vitabu vyake vikawa miongoni mwa vilivyotumika zaidi. Mkutano wa wapenzi wa lugha hiyo uliofanyika Munich mwaka 1887 ulianzisha akademia ya Volapük na kumchagua Kerckhoffs kuwa mkurugenzi wake. Mkutano wa Paris wa mwaka 1889 uliendeshwa kwa Volapük yenyewe.

Ugomvi haukukawia. Volapük ilikuwa na viambishi vingi mno na sauti zilizowasumbua watu wengi, na Kerckhoffs alitaka irahisishwe ili mfanyabiashara wa kawaida aweze kuitumia. Schleyer aliiona lugha kama mali yake na alidai haki ya kukataa uamuzi wowote wa akademia. Ni vigumu kusoma habari hizi bila kukumbuka makala ya 1883. Mtu aliyefundisha kwamba mfumo wa watu wengi uwe mwepesi na uweze kutolewa hadharani bila hofu, sasa alikabiliana na mbunifu asiyetaka kuachia alichobuni. Akademia ilishindwa kupatanisha pande hizo mbili, na mwaka 1891 Kerckhoffs alijiuzulu. Wakati huo Kiesperanto, kilichotangazwa na L. L. Zamenhof mwaka 1887, kilikuwa tayari kinavuta wafuasi wengi waliokuwa wa Volapük. Zamenhof aliacha haki zake juu ya lugha aliyoibuni.

Baada ya hapo Kerckhoffs aliishi kimya. Alifariki tarehe 9 Agosti 1903 akiwa mapumzikoni Uswisi, akiwa na umri wa miaka 68.

Kanuni yake katika karne ya 20

Mwaka 1949 Mmarekani Claude Shannon, katika makala iliyoweka msingi wa kihesabu wa kriptografia, alianza na dhana ileile kwa maneno yake mwenyewe: adui achukuliwe kuwa anaujua mfumo. Mwaka 1997 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotafuta njia mpya ya kufumba taarifa, iliitisha mashindano ya wazi ambapo kila mapendekezo yalichapishwa ili wataalamu wa dunia nzima wajaribu kuyavunja. Washindi walikuwa Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen, na kazi yao ikawa kiwango cha AES mwaka 2001. Kila mtu anaweza kuisoma, na kila siku inalinda malipo na mawasiliano ya mamilioni ya watu.

Mfano wa kinyume ulitokea katika nchi alikozaliwa Kerckhoffs mwenyewe. Kadi za MIFARE Classic, zilizotumiwa katika usafiri wa umma Uholanzi na miji mingine, zilitegemea njia ya kufumba ambayo watengenezaji waliificha. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007 watafiti waliifungua chipu, wakachunguza saketi zake na kuifahamu njia hiyo. Mwaka 2008 wale wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, walionyesha udhaifu wake. Kampuni ya NXP ilikwenda mahakamani kuzuia uchapishaji, na mahakama ya Uholanzi ikakataa ombi hilo. Tatizo halikuwa kwamba siri imetoka. Njia yenyewe ilikuwa dhaifu, na kufichwa kwake kulichelewesha tu watu kulijua hilo.

Kanuni za Kerckhoffs na saini za fimwea

Kerckhoffs aliandika kuhusu kuficha ujumbe. Saini ni jambo jingine: haifichi kitu, bali inathibitisha ujumbe umetoka kwa nani na kwamba haukubadilishwa njiani. Mwaka 1883 hapakuwa na njia ya kihesabu ya kufanya hivyo. Wazo la kutumia funguo mbili zinazohusiana, mmoja wa siri na mwingine wa umma, lilichapishwa na Whitfield Diffie na Martin Hellman mwaka 1976, na mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakabuni RSA, njia ya kwanza iliyoweza kutia saini kwa vitendo. Mwenye ufunguo wa siri hutia saini, na yeyote mwenye ufunguo wa umma huikagua, lakini hawezi kuiiga.

Fimwea inahitaji saini kwa sababu ya mahali ilipo. Inaanza kufanya kazi kabla ya programu nyingine zote, kwa hiyo mtu aliyefaulu kuweka fimwea iliyochezewa katika ruta au simu anaweza kuwa juu ya ulinzi wote unaofuata, na kufuta programu za kawaida na kuziweka upya hakumwondoi. Kinga iliyozoeleka ni hii. Watengenezaji wakishamaliza kuandika programu, zana za kuundia huikusanya kuwa faili moja litakalowekwa ndani ya kifaa. Zana hiyohiyo, au nyingine inayofuata, hulipitisha faili katika hesabu kama SHA-256, inayotoa namba ya biti 256. Ikibadilika herufi moja tu ya faili, namba hiyo hubadilika kabisa. Namba hutiwa saini kwa ufunguo wa siri, na saini huambatishwa kwenye faili. Kifaa chenyewe hubeba ufunguo wa umma tu. Kinapowashwa hurudia hesabu, hukagua saini, na kama haviafikiani hukataa kuendelea.

Zana nyingi za kazi hii ni programu huria. U-Boot, programu ya kuwashia inayotumika katika vifaa vingi vidogo, iliongezewa ukaguzi wa saini mwaka 2013, na zana yake ya mkimage ikapewa uwezo wa kutia saini wakati wa kuunda faili. MCUboot, kwa ajili ya chipu ndogo zaidi, ina zana iitwayo imgtool. Mtu yeyote anaweza kupakua zana hizi na kusoma kila mstari. Anayekutana nazo mara ya kwanza huuliza kama mwizi hatazitumia kujitengenezea saini. Atatengeneza, naam, lakini kwa ufunguo wake mwenyewe, ambao kifaa hakiutambui.

Kazi ngumu basi ni kutunza ufunguo wa siri, na hapa kanuni za 1883 zinarudi moja baada ya nyingine. Katika mpangilio mzuri zana ya kuundia haiuoni ufunguo kabisa. Huutuma muhtasari wa faili kwa kifaa maalumu kinachohifadhi funguo bila kuzitoa nje, na kifaa hicho hurudisha saini tu. Hivyo hata kompyuta ya kuundia ikivamiwa, ufunguo haubebeki, ingawa mvamizi anaweza bado kuomba saini mpaka agunduliwe. Kanuni ya tatu ilitaka ufunguo ukumbukwe kichwani. Hilo sasa haliwezekani, kwa kuwa namba ya ufunguo wa RSA wa biti 2048 ina tarakimu 617. Nusu yake ya pili, kwamba ufunguo uweze kubadilishwa, ndiyo inayowasumbua wahandisi zaidi. Katika chipu nyingi alama ya ufunguo wa umma huchomwa ndani mara moja na haifutiki. Ufunguo wa siri ukivuja, kifaa hakiwezi kupewa alama nyingine. Ndiyo maana chipu za i.MX za NXP, kwa mfano, hukubali jedwali la funguo hadi nne, ili mmoja ukiharibika ubatilishwe na unaofuata utumike. Kanuni ya sita nayo inatimizwa pale kutia saini kunapokuwa hatua ya kawaida ndani ya zana ya kuundia. Kukiwa kazi ya pembeni inayohitaji kumbukumbu ya mtu, siku ya haraka itarukwa.

Funzo la kuziweka barua moja chini ya nyingine lilijirudia kwa sura mpya mwezi Desemba 2010. Katika mkutano wa wadukuzi uliofanyika Berlin, kikundi kiitwacho fail0verflow kilionyesha kwamba Sony, ilipotia saini programu za mashine ya michezo ya PlayStation 3, ilitumia njia ya ECDSA ikiwa na kasoro. Njia hiyo hudai namba mpya ya bahati nasibu kwa kila saini. Sony ilirudia namba ileile. Saini mbili za aina hiyo zikiwekwa pamoja huwa mlinganyo rahisi, na jibu lake ni ufunguo wa siri. Hesabu ni tofauti na ile ya 1883, lakini kosa ni ndugu yake: kurudia kitu ambacho hakipaswi kurudiwa, kisha kuwaachia wengine nakala za kulinganisha.

Kosa jingine ni jepesi zaidi. Zana huria huja na funguo za mfano ili mwanafunzi aweze kujaribu, na sehemu ya siri ya funguo hizo iko wazi kwa wote. MCUboot inaonya kwamba zake zisitumike katika bidhaa. Mwezi Julai 2024 kampuni ya usalama ya Binarly ilitangaza kwamba mamia ya aina za kompyuta na seva zilikuwa zimeuzwa zikiwa na ufunguo mkuu wa majaribio uliotengenezwa na American Megatrends, ufunguo ambao jina lake lenyewe lilimwambia mtumiaji asiuamini. Sehemu yake ya siri ilikuwa imevuja kwenye GitHub mwaka 2022. Tatizo hilo liliitwa PKfail. Kuliondoa kunahitaji fimwea mpya yenye ufunguo mwingine kwa kila aina ya mashine, na mashine ambayo haijasasishwa inaendelea kuukubali ule wa zamani.